Wali wa Mama na Misuli ya Kijana

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu siku hizi huzuka mzozo mdogo wakati wa chakula. Kijana amejiunga na ukumbi wa mazoezi, anainua vyuma mara nne kwa wiki, na ghafla wali wa nazi aliokulia haumfai tena. Ameambiwa na wenziwe kwamba wanga hunenepesha, kwamba sukari ni sumu, na kwamba misuli hujengwa kwa mayai, vidari vya kuku na unga wa mkebe unaouzwa kwa maelfu ya shilingi. Mama hubaki na sufuria mbili jikoni, ilhali pesa alizopewa ni za sufuria moja. Juma hili tumeona ni vyema tulitazame suala la wanga kwa utulivu, kwani linamhusu kijana huyo, na pengine linamhusu zaidi mamake.

Ni kweli kwamba misuli hujengwa kwa protini. Lakini nguvu ya kuinua kitu kizito aghalabu hutokana na glukosi, nayo glukosi hutokana na wanga. Mwili huiweka akiba yake kwa umbo liitwalo glaikojeni: mtu mzima wa wastani huwa na kiasi cha gramu 400 katika misuli na gramu 100 hivi katika ini. Akiba hiyo ikipungua sana, mikono hulegea kabla kazi haijakwisha, na misuli isiyopewa kazi ya kutosha haina sababu ya kukua. Tena mwili ulionyimwa chakula cha nishati huigeukia protini na kuichoma, na huo ni ubadhirifu mkubwa. Ni sawa na mtu kung'oa boriti za dari yake apate kuni za kupikia.

Sasa, wanga upi? Wataalamu huugawa mara mbili. Upo wanga rahisi, yaani sukari zenyewe: sukari ya mezani, asali, na sukari iliyomo ndani ya matunda na maziwa. Upo na wanga changamano, ambao ni minyororo mirefu ya sukari iliyofungamana: mchele, mahindi, mtama, mihogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, kunde na mbaazi. Huelezwa kwamba ule wa kwanza huingia katika damu kwa haraka na wa pili huingia polepole, na kwa hiyo wa kwanza ni mbaya na wa pili ni mzuri.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini yana tundu. Mwaka 1981, Dkt. David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada walichapisha orodha ya vyakula kwa kadiri kila kimoja kinavyoipandisha sukari ya damu. Mkate mweupe, ambao ni wanga changamano, uliipandisha kuliko sukari ya mezani. Machungwa na maziwa, ambavyo sukari zake ni rahisi, vilikuwa chini kabisa ya mkate, na maharagwe yakawa chini zaidi. Kinachoamua, basi, si urefu wa mnyororo peke yake. Ni nyuzinyuzi zilizobaki ndani ya chakula, ni namna kilivyosagwa na kupikwa, na ni kile kinacholiwa pamoja nacho. Unga mweupe uliokobolewa ni changamano kwa jina tu.

Tuchukue mbaazi na mahamri, maana hapo pande zote mbili zimekutana katika sinia moja. Hamri ni unga mweupe, sukari, tui na mafuta ya kukaangia. Ni tamu, wala hatumwambii mtu aliache kabisa. Mbaazi ni chakula cha namna nyingine. Gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa zina kiasi cha gramu 23 za wanga, na ndani yake nyuzinyuzi zinakaribia gramu 7. Juu ya hayo zina protini inayokaribia gramu 7, na mchele uliopikwa haufiki hata nusu ya kiasi hicho. Kwa mjenga misuli, mbaazi ndizo chakula chenyewe na hamri ni kitoweo! Ila mezani petu mambo huwa kinyume: mahamri manne na mbaazi za kuchovyea tu. Bakuli la mbaazi likijaa na mahamri yakawa mawili, kijana huyo atakuwa amepata asubuhi njema bila ya mkebe wowote.

Na kuhusu mikebe hiyo, tunaomba wazazi wasome kibandiko. Unga mwingi unaouzwa kwa ajili ya kuongeza uzito umejazwa maltodekstrini, nayo si kingine ila wanga uliokatwakatwa hata ukafanana na sukari kwa mwendo wake mwilini. Kulipa bei ya nyama kwa kitu hicho, kwa maoni yetu, ni hasara.

Wakati wa kula nao una hukumu yake. Saa mbili au tatu kabla ya mazoezi hufaa wanga wa polepole pamoja na protini kidogo: viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na kipande cha samaki, au wali wenyewe ule uliokataliwa. Kunde na mbaazi ziliwe mbali zaidi na mazoezi, kwani tumbo lenye gesi halivumilii chuma. Ikiwa imebaki nusu saa na kijana ana njaa, hapo ndipo wanga rahisi unapostahiki: ndizi mbivu moja, au tende mbili tatu. Baada ya mazoezi wengi hukimbilia vinywaji vya sukari kwa kudhani kwamba akiba isiporudishwa papo hapo kazi yote imepotea. Haraka hiyo humfaa mwanariadha anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku moja. Anayeinua vyuma jioni na kurudi kesho, chakula cha usiku cha nyumbani kinamtosha. Lililo muhimu zaidi ni jumla ya siku nzima, pamoja na protini ifikayo kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Kijana wa kilo 65 atahitaji kiasi cha gramu 100, na samaki, mayai, maziwa na nafaka za jamii ya kunde vikigawanywa katika milo yote vinaweza kumfikisha hapo.

Mwezi wa Ramadhani hauibadilishi kanuni hii. Tende na maji wakati wa kufuturu hurudisha sukari ya damu upesi. Kaimati na visheti vinavyofuata ndivyo vinavyozidisha. Daku nayo ndiyo mahali pa wanga wa polepole, mathalani uji wa wimbi usiojazwa sukari.

Sasa tumrudie mama. Baada ya umri wa miaka 30 mwili hupoteza misuli, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka 10, na kasi huongezeka uzeeni. Jambo hili si la umbo tu. Misuli ndiyo ghala kubwa kuliko yote ambamo sukari ya mlo huhifadhiwa. Ghala likisinyaa, sukari hubaki katika damu, na familia zinazoujua ugonjwa wa kisukari hazihitaji kuelezwa yanayofuata. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Hayahitaji ukumbi: kuinuka kitini na kuketi tena mara kumi bila ya kushika kitu, kuusukuma ukuta kwa mikono miwili, kuinua galoni ya maji ya lita tano, yote haya hufanyika ndani ya nyumba.

Lakini mama asimwige mwanawe kwa tende za kabla ya mazoezi. Kazi yake haitumii akiba kiasi hicho. Sahani yake iwe nusu mboga, robo wanga usiokobolewa, na robo protini. Sukari ya kuongezwa, kwa mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2015, isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikipungua nusu ni bora zaidi. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimekwisha kuufikia mpaka huo, kabla hamri halijaguswa.

Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kuanza mazoezi, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Akihisi kutetemeka, jasho jembamba au kizunguzungu, aache mara moja na anywe vijiko vitatu au vinne vya sukari iliyokorogwa katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Hapo asipewe hamri, wala chokoleti: mafuta yake huichelewesha sukari kufika katika damu.