Dharura za tumbo

Dharura za tumbo ni magonjwa na majeraha ya ndani ya tumbo yanayohitaji matibabu ya haraka, mara nyingi upasuaji. Mgonjwa akicheleweshwa, utumbo unaweza kuoza au kutoboka, na uchafu wake ukisambaa tumboni huleta maambukizi yanayoua.

Sababu

Kidole tumbo kikivimba, kwa kawaida maumivu huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Kidonda cha tumbo kikitoboka, maumivu makali huja ghafla. Matumizi holela ya dawa kama diklofenaki na aspirini huongeza hatari hiyo. Homa ya matumbo isiyotibiwa inaweza kutoboa utumbo, hasa katika wiki ya pili au ya tatu ya ugonjwa. Sababu nyingine ni ngiri iliyobanwa, utumbo uliojisokota na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Katika machimbo ya dhahabu

Katika mikoa ya Geita na Shinyanga, wachimbaji wadogo wengi huishi kwenye makambi yenye uhaba wa maji safi na vyoo, mazingira yanayoeneza homa ya matumbo. Aidha, mchimbaji aliyeanguka shimoni au kufukiwa na kifusi anaweza kupasuka bandama bila jeraha la nje, hasa ikiwa bandama ilikwisha kuvimba kwa malaria au kichocho. Mtu huyo achunguzwe hospitalini hata kama anatembea.

Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, ulihusu wagonjwa 104 waliotoboka utumbo kwa homa ya matumbo. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alifariki, na kuchelewa kufika hospitalini kulihusiana na vifo hivyo.

Dalili za hatari

* maumivu makali yasiyokoma, yanayozidi mgonjwa akitembea au kukohoa
* tumbo kuwa gumu kama ubao
* tumbo kujaa, pamoja na kutapika na kushindwa kupata choo au kutoa hewa
* kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami
* jasho baridi, mapigo ya moyo ya kasi, kizunguzungu au kuzimia
* maumivu ya tumbo kwa mwanamke aliyekosa hedhi

Maumivu ya kidole tumbo yakipungua ghafla si lazima iwe nafuu: huenda kimepasuka.

Huduma ya kwanza

Mgonjwa apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye huduma ya upasuaji. Asipewe chakula, kinywaji, dawa ya kuharisha wala enema. Maumivu hayo yasichukuliwe kuwa chango la kawaida na kusubiriwa hadi kesho.