Elm na kufuli la wenyewe

Ukikosea herufi moja ya jina unapoandika programu kwa lugha ya Elm, kompaila (programu inayotafsiri unachoandika) haikufokei. Inakuonyesha mstari wenye kosa, inauwekea alama nyekundu, kisha inakutajia majina yanayokaribiana na ulilokosea. Lugha ya Rust ilipoboresha jumbe zake za makosa mwaka 2016, iliitaja Elm waziwazi. Evan Czaplicki, aliyeianzisha Elm mwaka 2012 akiwa mwanafunzi wa Harvard, alitaka kurasa za wavuti zisizomwangukia mtumiaji mikononi, na kwa sehemu kubwa alifanikiwa.

Ndiyo maana yaliyotokea Agosti 2018 yaliwauma wengi. Toleo la 0.19 liliziba uchochoro ambao wajuzi waliupita kimyakimya: kuchomeka JavaScript, lugha ya vivinjari, moja kwa moja ndani ya Elm. Sababu ilikuwapo, tena nzito. JavaScript ikiingia ovyo, nani atadhamini kwamba programu haitaanguka? Ila kompaila hiyohiyo iliendelea kuvipokea vifurushi vya timu ya Elm vyenye JavaScript tele. Mwenye nyumba aliwakataza wapangaji jiko la mkaa, lake likabaki linawaka uani.

Chukua jambo dogo tu, kuandika tarehe kwa Kiswahili. Kivinjari chako kinaijua Jumamosi, na mstari mmoja wa JavaScript unatosha kuiita. Ndani ya Elm 0.19 unapeleka ombi nje kupitia porti, yaani mlango wa kubadilishana ujumbe na JavaScript, unangoja jibu lirudi kama ujumbe, halafu ndipo uchore ukurasa. Kama hutaki mzunguko huo, andika mwenyewe majina ya siku na miezi, lugha baada ya lugha. (Zipo hila nyingine, lakini mtu hapaswi kuishi kwa hila.)

Aprili 2020 Luke Plant, mtumiaji wa Elm, alieleza hadharani kwa nini anaihama, na lawama zake nzito ziliwaendea viongozi kuliko lugha. Czaplicki naye alikuwa amezungumza kwenye mkutano wa Strange Loop mwaka 2018 kuhusu mizozo ya mtandaoni inayomchosha mwenye mradi huria. Namwelewa. Lakini uchovu hauhalalishi sheria mbili.

Toleo la 0.19.1 lilitoka Oktoba 2019, na miaka mitano baadaye lilikuwa bado ndilo la mwisho. Leseni inamruhusu yeyote kuichukua kompaila na kuling'oa kufuli. Akishafanya hivyo, vifurushi vyake vyenye JavaScript havipokelewi kwenye hifadhi rasmi.