Usonara kwa Anayeanza (Sehemu ya Tatu): Kizimba cha Fedha kwa Jiwe la Tanzanaiti

Juma lililopita tuliiacha fedha ikiwa kijiti kilichokwisha kumiminwa na kupoa. Leo tunaivuta iwe waya, kisha waya huo tuufanye kidani: kizimba kidogo chenye jiwe ghafi la tanzanaiti ndani yake.

Tanzanaiti nimeichagua kwa makusudi. Jiwe hili lililogunduliwa Mirerani mwaka 1967 linasumbua mafundi. Likigongwa vibaya hupasuka kirahisi kufuata upande mmoja, na joto la ghafla halilivumilii. Kulitoboa ni kulihatarisha. Kulehemu likiwa ndani ya pambo ni kulipoteza. Kizimba hakilitoboi, hakihitaji gundi wala moto karibu nalo. Tena fedha ni laini kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo waya haulikwaruzi. Kubwa zaidi ni rangi. Ukiigeuza tanzanaiti, upande huu ni buluu, upande ule zambarau, na ile ambayo haijapashwa moto huonyesha pia wekundu wa kahawia. Anayeifunga mgongo kwa bati la fedha huwa ameficha nusu ya uzuri wake.

Tumia fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha na 75 za shaba katika kila elfu. Fedha tupu ni laini mno, kizimba kitabonyea shingoni. Masonara wa Oman kwa miaka mingi waliyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu ya gramu 28 iliyo na fedha asilimia 83 hivi, ambayo hubeba mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa baadaye sana. Sisi tunahitaji gramu mbili tu. Reale moja ingetoa zaidi ya vidani kumi vya namna hii.

Sasa chamburo, kile kibamba cha chuma chenye matundu yanayopungua ukubwa moja baada ya jingine. Chonga ncha ya kijiti kwa tupa, ipake nta, ipenyeze, ishike kwa koleo na uvute kwa mkono mmoja usiosita. Ukisita katikati, waya hubaki na alama. Baada ya matundu matatu au manne utausikia mkononi umekuwa mkaidi: umekakamaa, na ukilazimisha utakatika. Hapo ndipo moto unapohitajika. Uviringishe waya, ufunge usiache ncha inayochomoza, kwa sababu ncha huyeyuka kwanza, kisha upashe mahali penye kivuli hadi uone wekundu hafifu. Juani wekundu huo hauonekani, na wengi huendelea kupasha mpaka waya unakuwa matone. Uzamishe majini, uendelee kuvuta hadi unene wa milimita 1.

Waya utatoka mweusi kwa sababu ya shaba iliyoungua. Maji ya moto yenye ndimu na chumvi huusafisha taratibu. Usitumbukize humo kibanio cha chuma: shaba iliyomo majini itaganda juu ya fedha, na waya wako utageuka mwekundu.

Kata sentimita 25. Kwa plaizi ya mdomo wa mviringo, anzia ncha moja uzungushe raundi nne zilizolala, kama dawa ya mbu ya kuchoma. Ncha ya pili izungushe kwa namna ambayo kazi yote itakuwa na umbo la herufi S, ukiacha sentimita 2 katikati. Raundi ziwe karibu karibu. Hapa wanaoanza hukosea: huacha nafasi ya kupendeza wakati kazi imelala, bila kukumbuka kwamba nafasi hiyo itapanuka ikivutwa. Gonga kidogo kwa nyundo ya mti ili waya ukakamae. Kisha, kwa kitako cha kalamu, sukuma kitovu cha kila upande kitokeze, vyote kuelekea upande mmoja. Kunja katikati ili mashimo yatazamane. Mkunjo wa juu ndio kitanzi cha kupitishia mkufu.

Panua kidogo, ingiza jiwe, bana tena kwa vidole, si kwa plaizi. Jiwe lipimwe kwa upande wake mwembamba. Kama upande huo unapita kati ya nyaya, siku moja litaanguka barabarani. Kidani kikichafuka, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukiepuka mashine za kusafishia kwa mtetemo, maana zinaweza kulipasua jiwe.

Nawasihi jambo moja wasomaji wangu: tanzanaiti nunueni kwa mfanyabiashara mwenye leseni, na mdai risiti. Juma lijalo tutaanza kulehemu.