Saa Tatu Ipi? Kumwelezea Wakala wa Akili Unde Zana Zake

Wakala wa akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo wengi nchini Tanzania, si yule wakala wa M-Pesa akaaye kibandani, bali ni programu ya kompyuta inayopokea ombi kwa lugha ya kawaida, ikapanga yenyewe hatua za kufuata, kisha ikatumia zana ilizopewa ili kulitimiza. Zana hapa ni programu nyingine ndogo yenye kazi mahususi, kama vile kutafuta utabiri wa hali ya hewa au kuomba malipo. Wakala haoni jinsi zana ilivyoundwa ndani. Anachokiona ni jina lake, maelezo mafupi kuihusu, na nafasi anazotakiwa kuzijaza kabla ya kuitumia. Utaratibu wa Model Context Protocol, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024, umerahisisha kuwaunganisha mawakala na zana nyingi, lakini zana iliyounganishwa vyema na kuelezwa vibaya itaendelea kutumiwa vibaya.

Ugumu wa kuandika maelezo hayo hudhihirika mahali kama Mkwiro, kijiji cha wavuvi kilicho katika kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni, kaunti ya Kwale. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba wavuvi wa huko wameundiwa wakala mwenye zana iitwayo “safari”, iliyoelezwa kwa maneno manne: “Huweka safari ya mashua.” Maelezo hayo si ya uongo, ila hayamfai yeyote, kwa kuwa hayabainishi kama zana inarekodi safari iliyokwisha au inapanga ijayo, wala kama safari yenyewe ni ya kuvua au ya kuwapeleka watalii katika hifadhi ya bahari ya Kisite kutazama pomboo. Mwenyeji angeuliza, wakala aghalabu hubahatisha, tena kwa maneno ya kujiamini.

Kisha lipo suala la saa. Mvuvi asemapo “saa tatu asubuhi”, kompyuta inapaswa kuandika 09:00, lakini zana isiyoeleza hivyo inaweza kuandikiwa 03:00, kwa sababu jambo ambalo mtoto wa Pwani hulijua kabla ya kuanza shule halimo katika zana hiyo mpaka mtu aliandike. Maelezo yafaayo yangesema: “Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24, kwa saa za Afrika Mashariki. Mtumiaji akisema saa tatu asubuhi, andika 09:00; asipotaja asubuhi wala usiku, muulize kwanza.” Vivyo hivyo kaskazi ni upepo na pia ni majira yake, na zana ya utabiri inayorudisha “upepo 20” bila kipimo ni hatari, maana maili 20 za baharini kwa saa ni takribani kilomita 37 kwa saa, na mwenye mtumbwi anajua tofauti ya kilomita 20 na 37 ina maana gani akiwa nje ya mwamba.

Penye fedha, uzembe wa maneno hugharimu zaidi. Kupitia Daraja, huduma ya Safaricom inayounganisha programu na M-Pesa, biashara inaweza kutuma ombi la malipo likatokea kwenye simu ya mteja, naye akaliidhinisha kwa namba yake ya siri. Inaweza pia kutoa fedha zake yenyewe na kumtumia mtu. Zana hizo mbili zikielezwa kwa sentensi ileile, “hufanya malipo”, wakala aliyetumwa kumdai mnunuzi wa samaki anaweza kumlipa. Kwa hiyo kila moja ieleze fedha zinatoka kwa nani kwenda kwa nani, na itaje wazi wakati isipofaa kutumiwa, sehemu ambayo waandishi wengi huiruka, pengine kwa sababu aliyeunda zana ndiye asiyeweza kuifikiria ikitumiwa vibaya.

Hata ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo. Daraja huhitaji namba ya simu yenye tarakimu 12 inayoanza na 254, ilhali Mkenya huitaja yake kwa kuanzia sifuri. Zana inayojibu “ombi batili” humwacha wakala gizani, lakini ikijibu “ondoa sifuri ya mwanzo, weka 254”, wakala hurekebisha namba na kujaribu tena, bila kumsumbua mtu aliyesimama ufuoni akiwa na kapu la tafi juani.