Nani Kamhamisha Nani? Uandishi wa Habari wa Chuo Kikuu Mbele ya Ngorongoro

Sisi watu wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Gazeti tunalisoma kwenye daladala, jioni linafungiwa vitumbua, basi. Hatuulizi fani yake wala maudhui yake, ingawa habari moja ya ukurasa wa mbele inaweza kuamua jinsi nchi nzima inavyowaelewa watu ambao haijawahi kuwaona. Makala haya yanaeleza mwanafunzi wa uandishi wa habari katika chuo kikuu cha umma anaandaliwaje, na kwa nini maandalizi hayo yanatikisika yakifika Karatu na Ngorongoro. Msimamo wangu nautoa mapema: somo analolihitaji kuliko yote ni uhakiki wa Kiswahili, na somo hilo liko kwetu, si kwake.

Historia kwa ufupi. Serikali ilianzisha chuo cha uandishi wa habari, TSJ, mwaka 1975. Mwaka 2003 chuo hicho kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo ni Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, yenye redio, televisheni na gazeti la wanafunzi la kujifunzia. Zamani mtu aliingia chumba cha habari na kidato cha nne chake na kipaji chake. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake, ikataka mwandishi awe na ithibati, na ithibati ikafungwa kwenye cheti cha stashahada kwenda juu. Kwa hiyo shahada si pambo tena, ni mkate.

Tatizo ni lugha ya kupikia mkate huo. Mhadhara ni kwa Kiingereza, madesa ni Kiingereza, mtihani Kiingereza. Akishamaliza, kijana anaajiriwa Mwananchi, Nipashe au Habarileo, anaambiwa aandike Kiswahili. Anachobeba kutoka darasani ni ile piramidi iliyogeuzwa: jambo zito juu, mengine yafuate kwa kupungua uzito, na aya ya kwanza ijibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Ni fani nzuri, sibishi. Lakini ilitungwa kwa lugha nyingine, na swali lake la kwanza kabisa, ‘nani’, ndilo ambalo kitenzi cha Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kulificha.

Tuchukue mfano ulio hai. Kuanzia Juni 2022 serikali ilianza kuwapeleka wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Serikali inasema wanahama kwa hiari yao, ili kuinusuru hifadhi. Wakazi wengi na watetezi wao wanasema huduma zilipunguzwa mpaka watu wakakosa la kufanya. Sasa tazama mzizi mmoja, -ham-. ‘Wakazi wahamia Msomera’: mtendaji ni mkazi, na ule mnyambuliko wa kutendea unamwonyesha macho yako mbele, kule aendako. ‘Wakazi wahamishwa’: mkazi katendwa, ila aliyemtenda hayupo kwenye sentensi. ‘Serikali yahamisha wakazi’: hapo ndipo mtendaji anasimama na kuonekana. Vichwa vitatu, tukio lilelile, lori lilelile. Hakuna hata kimoja ambacho mhariri angekiita uongo, na kila kimoja kimeshamaliza ubishi kabla msomaji hajafika aya ya pili.

Neno ‘hiari’ nalo si geni huko juu. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini hati ya kuiacha Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Hati ile ilikuwa ya Kiingereza. Mwandishi anayeandika leo ‘kwa hiari’ bila kulifungia neno hilo kwenye kinywa cha aliyelisema anaokota neno lenye umri wa zaidi ya miaka 60, nalo lina mashahidi wake.

Tushuke Karatu. Hapa ndipo lugha zinapogongana kwelikweli. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga na Kimaa ni za Kiniloti. Kihadzabe, cha kando ya Ziwa Eyasi, kina vidoko na wataalamu wengi hawakioni kuwa ndugu wa lugha yoyote. Kiswahili chetu ni Kibantu. Mwandishi anafika, bibi anaeleza kwa lugha yake dakika kumi, mkalimani anatoa sentensi mbili, na mwandishi anaandika moja ndani ya alama za kunukuu kana kwamba bibi ndiye aliyeitamka. Jamani, maneno hayo ni ya nani? Sisi tunaosoma tafsiri tunajua kumtaja mfasiri. Gazeti halimtaji.

Na kosa la sikio huishi muda mrefu. Korongo maarufu la Ngorongoro lina jina la mkonge-pori, ambao Wamaasai huuita oldupai. Mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika, akasikia vibaya, akaandika Olduvai. Mary Leakey alipogundua fuvu la Zinjanthropus hapo mwaka 1959, jina lile lililokosewa likaruka dunia nzima, likaingia hata katika vitabu vya historia tulivyokaririshwa sekondari. Watu wenye lugha yao walikuwepo siku zote.

Haina maana kwamba Kiswahili cha gazeti hakiwezi. Mwaka 1993 marehemu Stan Katabalo aliandika katika gazeti la Mfanyakazi juu ya kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilichogawiwa kwa afisa wa kijeshi kutoka Falme za Kiarabu. Sakata zima lilisimama juu ya swali la kitenzi: nani kampa nani, kwa mamlaka gani? Hilo ‘kampa’ lina mtendaji na mtendewa, wote wawili ndani ya neno moja. Wala hakuhitaji piramidi ya mtu.

Ipo pia sababu isiyo ya lugha, tuiseme. Kutoka Arusha hadi lango la Lodoare ni mwendo mrefu, mafuta ni ghali, na mwandishi wa mkoani wengi wao hulipwa kwa habari. Gari likitolewa na mwenye shughuli, na posho na chakula vikatoka hukohuko, ‘wahamia’ huja kalamuni bila kuitwa. Mhadhiri wa maadili atalikemea hilo, na ana haki. Ila mwanafunzi aliyefundishwa kunyambua kitenzi angalau atajua ameandika nini.

Pendekezo langu kwa wahadhiri wa pande zote mbili ni dogo. Wapeni wanafunzi wa habari na wa fasihi vile vichwa vitatu vya Msomera katika semina moja, kwa Kiswahili, na kila mmoja aeleze katika kila kichwa nani kafichwa na nani kaonyeshwa. Saa mbili zinatosha kuanza.