Usafi wa Nyumba Bukoba Huanza na Ukavu

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Ndiyo maana ushauri wa usafi unaofaa kwingine hauwatoshi watu wa Bukoba na Muleba. Huku adui mkubwa wa nyumba ni unyevu, vumbi linafuata nyuma.

Wazee wetu walilijua hilo. Ndani ya msonge, nyumba yao ya asili ya nyasi, walitandaza nyasi zilizokatwa rweya, yaani kwenye uwanda wa nyasi. Nyasi zilifyonza maji ya miguuni, na zilipochakaa zilitolewa zikatandazwa mpya. Siku hizi tumetandika kapeti la plastiki juu ya saruji, na wengi hawalinyanyui mwaka mzima. Hebu inua kona yake leo. Ukiona sakafu imetota, ina madoa meusi na harufu ya uvundo, huo ni ukungu. Vumbi lake huwasumbua sana wenye pumu na watoto wadogo.

Dawa yake haina gharama. Kunja kapeti mara moja kwa wiki, ulianike pande zote mbili, na sakafu ikauke kabisa kabla ya kulirudisha. Ukipiga deki, kamua tambara vizuri, kisha fungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Siku ya mvua, subiri jua lichomoze ndipo udeki. Kabati na kitanda visigusane na ukuta. Acha nafasi ya kupitisha kiganja. Nguo mbichi zisilale chumbani. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani kukausha chumba wala kuleta joto, kwa maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Chandarua nacho ni sehemu ya usafi. Muleba ina heshima yake katika jambo hili: utafiti uliofanyika wilayani humo kuhusu vyandarua vyenye kiambata cha PBO, kinachosaidia dawa kuua mbu sugu, ulilifanya Shirika la Afya Duniani lipendekeze vyandarua hivyo mwaka 2017. Lakini dawa hiyo huharibiwa na matunzo mabaya. Fua chandarua kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, bila kukisugua kwa nguvu, kisha kianike kivulini, kwa sababu jua kali huipunguzia dawa nguvu. Mara nne kwa mwaka zinatosha.

Nyumba ikikauka, hata mkeka mmoja na shuka linalonukia jua huifanya ikaribishe wageni. Basi ndugu msomaji, kabla hujanunua manukato ya kufukuza harufu, anza na kona ile ya kapeti.