Pete ya Uchumba: Jiwe Likae Namna Gani?

Siku hizi vijana wengi wa miji yetu hutamani kuwavika wachumba wao pete yenye almasi. Desturi hii haikuzaliwa kwetu. Yasimuliwa kwamba mwaka 1477 Maximilian, mwana wa Kaisari Frederick wa Tatu, alimpa mchumba wake, Mary wa Burgundy, pete ya namna hiyo, na wakuu wa Ulaya wakaiiga.

Desturi ni ngeni, lakini jiwe lenyewe ni la nyumbani. Nani asiyejua sifa za Kasai? Katika miaka ya 1980 msichana mdogo aliokota huko Mbuji-Mayi, katika chungu ya mawe yaliyotupwa, almasi ya karati 890. Karati moja ni gramu 0.2, basi jiwe hilo lilikuwa na uzito wa gramu 178. Hata hivyo almasi nyingi za Mbuji-Mayi haziendi vidoleni mwa mabibi harusi, bali katika vyombo vya kutobolea miamba na kunolea vyuma. Zifaazo kwa pete ni chache. Ndiyo sababu bei yake ni kubwa.

Kijana aingiapo kwa sonara huuliza kwanza: Jiwe hili ni kubwa kadiri gani? Bei yake nini? Maswali mema hayo. Lakini ni wachache waulizao swali la tatu: Limeshikwa na nini? Na kumbe si jiwe linalojishika; ni dhahabu inayolishika. Dhahabu ikilegea, jiwe litaanguka kisimani au sokoni, na akiba ya miaka mingi itapotea kwa dakika moja.

UGUMU SI UZIMA

Hakuna jiwe la vito lililo gumu kuliko almasi. Kuikwaruza kwataka almasi nyingine. Kwa hiyo wengi hudhani haiwezi kudhurika. Sivyo. Ukuni mgumu hupasuka upesi ukipigwa shoka kwa kufuata nyuzi zake. Almasi nayo ina njia zake za kupasukia, na mafundi wa kale walizitumia kuigawanya. Pigo moja baya juu ya jiwe au chuma laweza kumega ukingo wake. Hasa ncha zahitaji ulinzi: jiwe la mviringo halina ncha, lakini lenye umbo la chozi au la mraba linazo, na kila ncha yapaswa kufunikwa na dhahabu.

NAMNA TATU

Namna ya kwanza ni ya makucha. Mwaka 1886 nyumba ya Tiffany ya New York ilitoa pete yenye makucha sita, yanayoliinua jiwe juu ya duara la pete. Uzuri wake ni kwamba makucha hufunika sehemu ndogo tu, na mwanga hulichezea jiwe kwa wingi. Wengine hutengeneza makucha manne. Lakini tufikiri: kati ya manne likivunjika moja, matatu yaliyobaki hushika kwa shida; kati ya sita likivunjika moja, yako matano bado. Ubaya wa makucha ni kwamba hunasa katika nguo na katika nywele za mtoto, tena huchakaa polepole bila mwenyewe kujua.

Namna ya pili ni ya ukingo. Hapo dhahabu hulizunguka jiwe lote, kama ukuta uzungukavyo kiwanja. Jiwe huonekana dogo kidogo, na dhahabu nyingi zaidi yahitajika. Lakini pete ni laini, hainasi, na kando za jiwe zimelindwa. Twaona namna hii yamfaa mwuguzi avaaye glovu kila siku, mkulima, na mama atwangaye sombe.

Namna ya tatu ni ya mfereji: vijiwe vidogo hupangwa kwa safu kati ya kuta mbili za dhahabu. Ni nzuri kutazama. Lakini safu ikizunguka kidole chote, ni vigumu kuipanua pete baadaye, na vidole vya mwanamke hubadilika. Mara nyingi huvimba wakati wa mimba. Yafaa mnunuzi alikumbuke jambo hilo mapema.

DHAHABU YENYEWE

Dhahabu safi kabisa, iitwayo ya karati 24, ni laini mno. Ile ya karati 18 imechanganywa na madini mengine, sehemu 750 za dhahabu katika 1000. Tazama ndani ya pete kama imepigwa alama 750. Dhahabu nyeupe mara nyingi hupakwa madini yaitwayo rodi, nayo huisha kwa kuvaliwa, ikabidi kupakwa tena. Tena nyingine ina nikeli, ambayo huwasha ngozi za watu wengine. Ulizeni kabla ya kulipa.

KUITUNZA

Almasi hupenda mafuta. Migodini changarawe hupitishwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi: mawe mengine huchukuliwa na maji, almasi hunata. Basi mama apikaye kwa mawese asishangae pete yake kufifia. Aioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini. Asiitie katika maji ya javel, kwa maana hudhuru dhahabu iliyochanganywa. Wakati wa kutwanga na kulima aivue. Mara moja kwa mwaka sonara aitazame. Na kama jiwe linacheza pete ikitikiswa karibu na sikio, isivaliwe tena mpaka itengenezwe.

NENO KWA WACHUMBA

Liko jambo moja zaidi. Kijana asiinunue pete kwa siri ili kumshangaza mchumba wake, kisha akaoa akiwa na deni. Mwanamke ndiye atakayeivaa. Yeye ajua mikono yake hufanya kazi gani. Wakae wawili, wahesabu fedha, wafikiri mahari, nyumba na karo za shule za watoto watakaokuja. Kanisa halidai almasi: ndoa hufanywa na ukubali wa wawili, si na jiwe. Fedha zikiwa chache, wapunguze ukubwa wa almasi, wasipunguze dhahabu inayoishika. Jiwe dogo lililoshikwa vema litafika mkononi mwa mjukuu. Jiwe kubwa lililoshikwa vibaya halitafika hata siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza.